Mgeni wa Stoo ya Mama Mkubwa

Siku ya hitma ya Mama Mkubwa Zainabu, watu walipokuwa wakinawa mikono baada ya pilau, Konsolata alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia hali ya mgonjwa, "Hadija, Mugeni iko wapi?" Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Nilimwacha msichana mwembamba wa Musaga, mwepesi wa kucheka, na aliyesimama mbele yangu sasa alikuwa mama mzima, mwalimu wa chuo huko Gitega, miwani imening'inia shingoni. Hakuuliza nina watoto wangapi wala nimenenepa kwa nini. Alimuulizia Mgeni. Nilicheka pale pale msibani, bibi mmoja akanitazama vibaya, nami nikamshika rafiki yangu mkono nikampeleka stoo kabla hatujazidi kujiaibisha.

Stoo ya Mama Mkubwa haijabadilika. Ni chumba chembamba kati ya jikoni na uani, hakina dirisha ila matofali matatu yenye matundu, na kina harufu ya mchele, moshi wa makaa na iliki. Mama Mkubwa alikuwa mpishi wa harusi, anayejulikana mtaa mzima wa Buyenzi hapa Bujumbura, na masufuria yake makubwa bado yamepangwa ukutani, kubwa kabisa chini, lile ambalo mtu mzima anaweza kuogea. Juu ya masufuria kuna rafu, na juu ya rafu, chini ya kanga iliyofifia, yupo Mgeni. Konsolata aliweka kiganja juu ya ile kanga na kukiacha hapo. "Iko moto," alisema. Nikamwambia ndiyo, na maandazi aliyokula asubuhi unga wake uliumukia hapo hapo. Nimembadilisha Mgeni karibu viungo vyote tangu mwaka ule, lakini hajawahi kuhama rafu yake. Konsolata alivua miwani akaifuta, kisha akasema kwamba moshi wa jikoni umemwingia machoni, na mimi sikumbishia.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nimefeli chuo kikuu. Sisemi niliacha, wala sisemi nilisitisha. Nilifeli, nikarudia mwaka, nikafeli tena. Konsolata, niliyekaa naye benchi moja, alifaulu mara zote mbili, na sikuona wivu ila kidogo. Jinsi nilivyokuwa naishi kwa Mama Mkubwa ni habari ndefu na naiacha. Ninachokumbuka ni jioni moja nimekaa nyuma ya pazia la sebule nachambua mchele, na upande wa pili Mjomba Sadiki, mdogo wake Mama Mkubwa, amekuja kutoka Rumonge na anakunywa chai kwa kelele kama kawaida yake. Mjomba alikuwa na duka la mawese, pikapu moja nyeupe, na imani kwamba kila tatizo la ukoo linatibika kwa kusimama nyuma ya kaunta.

"Huyu mutoto anakaa bure," alisema. "Mi niko na duka, niko na mapipa ya mafuta, sina mutu wa kunisimamia. Munipe Hadija."

"Muache kwanza," Mama Mkubwa alijibu.

"Mpaka lini, dada? Chuo kimemukataa. Anashinda anafungua vi-radio vya watu na kuvifunga."

"Mpaka mvua iishe. Mvua ikiisha, kama bado anakaa bure, utakuja na gari yako utamubeba. Ni miye nimesema."

Niliendelea kuchambua mchele, lakini mawe yote yalirudi kwenye mchele safi. Sikuwa na ugomvi na Rumonge. Ni mji mzuri, una ziwa na michikichi, na Mjomba mwenyewe alinipenda. Lakini niliona ile pikapu imesimama mlangoni, mimi nakaa kiti cha mbele na begi langu magotini, na avenyu nzima imetoka kuangalia yule msichana wa Zainabu aliyeshindwa masomo akipelekwa dukani. Picha hiyo ilinichoma. Mpaka leo nikiiwaza nasikia joto masikioni. Nilijiapia pale nyuma ya pazia kwamba pikapu itakuja na itaondoka bila mimi, ingawa sikuwa na wazo hata moja la namna ya kuifanya hivyo.

Wazo lilikuja na Konsolata. Ofisi moja ya Mutanga Sud, karibu na kampasi, ilikuwa inahama, na imetoa vitu vyake vibovu nje ya geti: viti vya miguu mitatu, mafeni, na kompyuta ndogo za kupakata, kuukuu, zimerundikwa kama matofali. Mlinzi alisema tuchukue. Tulizipakia kwenye baiskeli mbili za abiria, mimi nimekumbatia rundo langu na Konsolata la kwake, tukashuka mteremko wote mpaka Buyenzi tunaomba Mungu breki zishike. Moja haikuwa na kioo. Moja haikuwa na kibodi. Moja ilikuwa nzima kwa macho lakini imekufa ndani, na nyingine hazikueleweka. Kwa wiki nzima nilitandaza mkeka uani na kuzifungua, na mwishowe nikapata moja inayopumua: haina kioo, betri yake imekufa, imefungwa kwa mpira wa tairi, lakini inawaka na kufanya kazi. Nikaiwekea mfumo wa bure ambao Konsolata alikuwa ameutoa chuoni kwenye diski.

Nilitaka kutengeneza seva. Mama Mkubwa aliponiuliza hiyo ni kitu gani, nilimwambia ni kama sufuria lake kubwa. Chakula kinapikwa mahali pamoja, na watu wanakuja kila mmoja na sahani yake. Watu wakiwa na simu za kugusa, ambazo zilikuwa zimeanza kuingia mtaani, au kompyuta yoyote, watashika wifi itakayorushwa na mashine yenyewe na kusoma kilichomo bila kulipia intaneti hata kidogo, kwa sababu kila kitu kiko humo humo ndani. Aliizunguka ile mashine, akainusa.

"Na chakula gani iko ndani?"

"Masomo, Mama Mkubwa. Mitihani ya zamani, mazoezi na majibu yake. Konsolata analeta kutoka chuo. Na ansiklopedia nzima ya Kifaransa."

"Bon," alisema. "Ikae kwa stoo. Lakini inakula umuriro wangu, inalala kwangu, na hatujui itaenda lini. Huyu ni mugeni."

Jina likabaki hilo. Mgeni hakula umeme mwingi, na hiyo ndiyo siri ya mashine kuukuu za kupakata: ziliumbwa kuishi kwa kidogo. Kosa la Bujumbura ni kwamba hata hicho kidogo hukatika. Umeme ulikuwa ukiondoka bila kuaga na kurudi kwa hasira, ukiunguza friji za watu. Hapo ndipo niliona raha ya kukaa Buyenzi. Avenyu yetu yote ni mafundi wa magari, na kwao betri iliyochoka kuwasha lori ni takataka. Kwangu ilikuwa hazina. Walinipa moja, wakanionyesha namna ya kuichaji umeme ukiwepo, na tangu hapo mtaa mzima ulipoingia gizani kulikuwa na kijitaa kimoja cha kijani kinachopepesa kati ya magunia ya mchele. Niliweza kusimama mlangoni mwa stoo na kukitazama tu, bila kufanya kitu, nimejaa furaha ambayo chuo kikuu hakikuwahi kunipa.

Halafu ikaja habari ya unga. Asubuhi moja Mgeni alizimika mwenyewe, na nilipokwenda kumwangalia nilikuta beseni la unga wa maandazi limekalishwa juu yake kama kofia. Unga ulikuwa umeumuka, umefurika, umeshuka ubavuni na kuingia kwenye matundu ya feni. Nilipaza sauti, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nyumba ile. Mama Mkubwa alitoka jikoni anafuta mikono, na hakuwa na hata chembe ya majuto.

"We unalia nini? Mara ya kwanza huyu mugeni anafanya kazi. Angalia unga. Umeumuka mbele ya adhuhuri."

"Mama Mkubwa, anakufa. Hawezi kupumua."

"Basi mutengenezee njia ya kupumua. Lakini unga wangu hautoki hapa. Niko na harusi Jumapili."

Nilitumia siku mbili kuchokonoa unga mkavu kwa kijiti cha meno. Kisha nikapigilia vibao vyembamba juu ya rafu, vimeachana, ili Mgeni apumue chini na beseni likae juu, likipokea joto lake. Ulikuwa ni mkataba mzuri. Kuanzia siku hiyo Mama Mkubwa alimlinda kuliko mimi. Umeme ukikatika alikuwa wa kwanza kuita, "Hadija, Mugeni amekula? Muangalie betri yake." Maandazi ya msimu ule yalikuwa mepesi kiasi kwamba wateja walidhani amebadilisha hamira, na yeye aliwaacha wadhani hivyo.

Wanafunzi wa mtaa, waliokuwa wanajiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, walianza kuja mmoja mmoja, wakikaa uani na simu za kaka zao. Kitabu kimoja darasani kwao kilikuwa kinasomwa na benchi zima. Kwa Mgeni kila mmoja aliweza kufungua ukurasa wake. Muda si mrefu uani hapakutosha, na Mama Mkubwa akawa anaruka vichwa vya watu kwenda kuteka maji. Shefu Shabani, mkuu wa kartiye yetu, yaani mtaa, mwanamume mfupi aliyevaa koti hata kwenye joto na aliyependa kuamua mambo, aliamua tupewe chumba cha madrasa ng'ambo ya avenyu, ambacho alasiri kilikuwa kitupu. Lakini wifi yetu ilishindwa kuvuka kuta. Ilibidi kuvuta waya kutoka stoo, kuupitisha kwenye mtaro wa maji ya mvua, chini ya kalavati, mpaka madrasa, na huko kuweka antena ya pili.

Konsolata alipata waya mrefu, mwembamba, wa kijivu, nami nikawa na hofu moja tu: wezi. Kwa hiyo tuliuficha. Tuliulaza chini kabisa ya mtaro, tukaupaka tope, tukapandikiza nyasi juu yake kwa mkono, tukarudi nyuma hatua chache na kuangalia. Haukuonekana kabisa. Tulijipongeza sana siku ile, tukanunua mishikaki. Mvua zilinyesha juu ya waya wetu na nyasi zikaota juu yake vizuri, na kule madrasa watu wapatao darasa zima walikuwa wanakaa kila alasiri, wanasoma fizikia kwa sauti na kusahihishana. Mara nyingine Konsolata alisimama ubaoni na kuwaeleza, na mimi nilikaa nyuma karibu na antena, sisemi kitu, nasikiliza. Nilikuwa nimeanza kuamini.

Kisha mvua zikaisha. Mjomba alipiga simu akasema anakuja baada ya wiki moja na siku moja, yaani Jumamosi, nifunge vitu vyangu. Mama Mkubwa alimwambia njoo uone mwenyewe kwanza. Na mtihani wa wale wanafunzi ulikuwa unaanza Jumatatu inayofuata Jumamosi hiyo hiyo. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Nilimwambia Konsolata tumwache Mjomba aingie madrasa akute watu wamejaa, wanasoma, na aseme hapo kwamba ninakaa bure.

Msomaji asiyejua Burundi inabidi ajue kwamba kwetu asubuhi ya Jumamosi si ya mtu binafsi. Ni ya ibikorwa rusangi, kazi za pamoja: maduka yamefungwa, barabara zimefungwa, na kila kaya inatoka na jembe, fagio au panga kusafisha mtaa mpaka katikati ya asubuhi. Jumamosi ile ya kwanza, kesho yake baada ya simu ya Mjomba, Shefu Shabani aligawa watu. Sisi vijana alitupeleka upande wa soko. Akina mama na wazee aliwaachia avenyu, kwa kuwa, alisema, mvua zimeisha na ule mtaro umekuwa pori. Mimi nilimsikia akisema. Nilikuwa natafuta fagio langu, na neno "mtaro" lilipita sikioni bila kugusa kitu.

Niliporudi nilimkuta Mama Mkubwa amekaa uani, amelowa jasho, uso wake unang'aa. Mbele yake kulikuwa na mzigo wa nyasi umefungwa vizuri sana.

"Hadija, angalia kamba nzuri," alisema. "Imetoka mu mtaro, sijui ni mizizi gani. Ndefu, ngumu, haikatiki na mukono. Nimeikata na panga. Kila mutu amechukua kipande."

Niliketi juu ya gunia la makaa bila kujali nguo yangu. Nilitaka kulia na sikuweza, nilitaka kumkasirikia na sikuweza, kwa sababu alikuwa amefurahi mno kwa ile kamba yake. Nilimwambia tu, polepole, ile ni nini. Mama Mkubwa aliuangalia ule mzigo. Akalifungua fundo, akaunyoosha waya, akaufuta tope kwa pindo la kanga mpaka rangi ya kijivu ikaonekana. Hakusema pole. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akatoka nje, na nilimsikia kutoka mwanzo wa avenyu.

"Mama Asha, nilipika harusi yako na ya dada yako. Nirudishie ile kamba. Apana, si kesho. Sasa hivi."

Wiki ile sitaisahau. Avenyu nzima ilikuwa imejifungia maisha yake kwa waya wetu. Kipande kimoja kilikuwa kamba ya nguo, na ilibidi nguo mbichi zianuliwe. Kimoja kilishikilia chandarua, kimoja kilifunga mlango wa banda la kuku, kimoja kilikuwa shingoni mwa mbuzi wa Shefu Shabani mwenyewe, na kimoja kilishikilia bampa ya teksi ambayo mwenye nayo hakutaka kabisa kukitoa mpaka Mama Mkubwa aliposimama mbele ya gari. Kimoja hakikurudi. Kilikuwa kimefunga godoro juu ya basi dogo, na godoro lilikwishahamia Kamenge, upande mwingine wa mji. Kila jioni vipande viliwekwa kwenye sufuria la harusi, kama nyama inayosubiri kupikwa, na kila mtu aliyeleta chake aliomba radhi kwa Mama Mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa amevigawa.

Ndani ya waya ule kuna nyuzi ndogo nane, kila moja na rangi yake, zimesokotwa mbili mbili. Kuziunga ni kazi ya macho na subira, na mahali penye mafundi wa umeme wa magari sikupungukiwa na vyote viwili. Tulikaa kwenye benchi lao, mimi nawaonyesha mpangilio, wao wanamenya kwa meno na kufunga kwa utepe mweusi, wanabishana kama uzi huu ni kijani au ni kahawia uliofifia. Pale kilipokosekana kipande cha Kamenge waliweka nyaya za gari lililokufa, tukazisokota mbili mbili kama zile nyingine. Konsolata alikuja Ijumaa akalala kwetu, maana kesho yake asingeweza kutoka Musaga barabara zikiwa zimefungwa. Alipouona ule waya umenyooshwa uani, na mafundo yake meusi, alisema kwa Kirundi kitu ambacho siwezi kukiandika, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, Shefu Shabani alitangaza kwamba kazi ya leo ni moja, nayo ni waya wa Zainabu. Watu walikuja na mabomba ya plastiki yaliyobaki kwenye ujenzi wao, ya unene wowote. Walichimba, walipitisha, walifukia. Shefu alivua koti. Saa hiyo hiyo simu ya Mama Mkubwa ikalia, naye akaiweka sauti ya juu kama alivyofanya siku zote. "Dada, nimefungiwa hapa Musaga, wako wanafanya travaux za Jumamosi," sauti ya Mjomba ilisema. "Wakimaliza naja. Hadija amefunga vitu?" Mama Mkubwa alinitazama. "Begi iko tayari," alijibu, na ilikuwa kweli, kwa kuwa nilikuwa nimelifunga alfajiri.

Tulipounga ncha ya mwisho nilikimbia madrasa. Wanafunzi walikuwa wamekaa, simu mikononi. Taa ya antena haikuwaka. Nilisubiri. Haikuwaka. Nilirudi mbio, tukaanza kuvuta waya kutoka kwenye bomba, fundo kwa fundo, tukipima kila moja, na kila fundo lilikuwa zima. Majembe yalianza kurudi majumbani. Nilisikia injini ya kwanza ya asubuhi ile ikipita barabara kubwa, maana yake barabara zimefunguliwa. Ndipo Konsolata, aliyekuwa amepiga magoti kwenye mtaro na gauni lake la kanisani, akainua kipande kimoja. Hakuwa ameshika fundo. Alikuwa ameshika katikati, na pale katikati kulikuwa na alama za meno.

"Sha, hii ni ya mbuzi," alisema. "Ameitafuna."

Fundi mmoja alikata kile kilichotafunwa, mwingine akaunga, mimi nikazungusha utepe. Kisha kutoka ng'ambo ya avenyu nilisikia mwanafunzi mmoja akisema "Imewaka," kwa sauti ya kawaida kabisa, na baada yake chumba kizima. Mama Mkubwa alipiga kigelegele. Akina mama wote wa mtaroni, na matope yao, wakakipokea. Mimi nilisimama katikati ya avenyu na kulia hadharani, na sikujali nani ananiona.

Katika vigelegele hivyo ndipo pikapu nyeupe iliingia. Mjomba Sadiki alitoa kichwa dirishani, amechanganyikiwa. "Nani anaolewa?" aliuliza.

Mama Mkubwa alimshusha na kumpeleka madrasa kama alivyo, na vumbi lake la safari. Mjomba alisimama mlangoni akaangalia zile safu za vichwa vilivyoinama. Konsolata akampa simu yake akamwambia, kwa heshima, "Mjomba, uliza kitu. Kitu chochote unachopenda." Mjomba akakohoa. Kisha akasema, "Muchikichi," kama anayetega mtego. Konsolata akaandika kwa Kifaransa, na mchikichi ukatokea, na picha zake, na magonjwa yake. Mjomba alivuta benchi akakaa. Alisoma kwa kidole, polepole, midomo ikitembea. Mama Mkubwa alileta mukeke wa kukaanga na ugali, akauweka mbele yake, na mtu ambaye hajawahi kuacha samaki apoe aliacha samaki akapoa.

"Huu ugonjwa mi niko nao," alisema mwishowe, hakumwambia mtu. "Majani ya chini yanakauka, yananing'inia hivi hivi. Nilifikiri ni jua."

"Sadiki," Mama Mkubwa alisema. "Mvua imeisha. Gari iko inje. Sema sasa, Hadija anakaa bure?"

Mjomba alinitazama, na naamini ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu nilipokuwa mtoto. Nilikuwa na tope mpaka viwikoni. "Hii mashini," aliniuliza, "inakula umuriro kiasi gani?"

"Kama balbu, Mjomba."

"Rumonge umuriro wetu ni mubaya."

"Hata huku ni mubaya. Utaipa betri ya gari."

Alilala kwetu siku mbili. Jumapili yote nilikuwa mkekani uani, nimefungua ile mashine isiyo na kibodi, na Mjomba amekaa karibu yangu kwenye kigoda, ananishikia skrubu kiganjani na kuuliza kila moja ni ya wapi. Nimekaa na walimu wengi na sijapata kusikilizwa vile. Wale wa madrasa wengi wao walifaulu mwaka ule, na sisemi ni kwa ajili ya Mgeni peke yake, walisoma wenyewe. Lakini muuguzi aliyemhudumia Mama Mkubwa hospitalini Kamenge katika siku zake za mwisho, aliyemgeuza na kumwosha kama mama yake mzazi, alitoka kwenye zile benchi. Mama Mkubwa alimtambua. Alimuuliza kama bado anakumbuka harufu ya maandazi wakati wa fizikia, na yule binti akasema ndiyo, njaa ile ndiyo iliyomfundisha kumaliza mazoezi upesi.

Jumatatu ile asubuhi wanafunzi walipita mbele ya geti letu wakienda kwenye mtihani, mashati yamepigwa pasi, na kila mmoja alichukua andazi la moto kwenye sinia la Mama Mkubwa. Pikapu ilikuwa inanguruma. Avenyu nzima ilikuwa imetoka kuangalia, kama nilivyoogopa tangu siku ile ya pazia. Mjomba alifungua mlango wa abiria. Akachukua ile mashine isiyo na kibodi, ambayo sasa iliwaka na kubeba yote yaliyomo kwa Mgeni, iliyofunikwa kanga mpya ya dada yake, akaiketisha kwenye kiti cha mbele, akaivutia mkanda na kuujaribu mara mbili kama umeshika. Kisha akazunguka, akapanda, akaondoka taratibu kuelekea kusini, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja juu ya mgeni wake.

Mama Mkubwa aliinama, akaliokota begi langu pale mlangoni, akalirudisha ndani.